Fomu ya Pili ya Tunu Shomari

Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke
7 Machi 1993

Shoga yangu Auleria,

Salamu zangu zipokee kwa mikono miwili, kama hiyo baridi ya Uingereza haijaigandisha. Mie mzima, mama mzima, bibi ndiyo vile vile, miguu inamsumbua ila mdomo hauna neno. Kila siku ananiuliza, "Yule Mhaya wako mrefu hajaolewa tu?" Namwambia bado anasoma. Anasema, "Kusoma gani kusikokwisha?"

Haya, habari yenyewe. Kiwanda kimeuzwa! Sie watu wa biskuti sasa tuna mwekezaji. Sura yake hatujaiona, ila kamtanguliza afisa utumishi mpya, Bwana Revelian, mtu wa tai, hata akisimama mbele ya tanuri hailegezi. Wote mia na arobaini tumeambiwa tunahesabiwa tumeachishwa, halafu watachukuliwa upya sitini. Watu matumbo joto. Mie wala! Miaka tisa kwenye kufungasha, zamu sijachelewa hata moja, na mzee Mwishehe, msimamizi wetu anayestaafu, kaniambia kwa mdomo wake kwamba jina alilolipeleka limrithi ni langu. Msimamizi wa zamu, Auli! Nitavaa lile koti jeupe, na wewe ukirudi utaniamkia.

Wenzangu wanaulizia yale maswali yako ya tabia uliyokuja nayo Julai iliyopita. Elinaza mpaka leo anaamini ilikuwa bahati nasibu. Ila ana wasiwasi, maana kwenye fomu ya kwanza, ile ya kujieleza mwenyewe, alijibu ukweli mtupu kwamba meneja hampendi. Anauliza, hazitafika kwa wakubwa? Mie wasiwasi wangu ni ile ya pili, ya mwenzako kukueleza wewe. Maganga, mtani wangu, ndiye aliyepangiwa kunijazia, na ananitambia kila siku kwamba kaandika naiba biskuti nazificha kwenye kilemba. Mnyamwezi yule! Kwa utani wake na sie Wazaramo, siku akinisifu nitajua anaumwa.

Niandikie upesi. Mie wako wa siku zote,
Tunu


Uingereza
27 Machi 1993

Mpendwa Tunu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifunga blanketi, nikacheka peke yangu. Mpe mama shikamoo, na bibi mwambie Mhaya bado hajapata wa kumtolea mahari.

Hongera mapema kwa koti jeupe. Mwambie Elinaza atulie. Fomu zote ziko hapa chumbani kwangu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Hakuna aliyeziona na hakuna atakayeziona. Niliwaahidi mbele ya wote, na ahadi ile bado iko.

Ungependa kujua zinafanya kazi gani? Tunafundishwa kwamba kila mtu ana sifa zake za kudumu, nazo kubwa ni tano: jinsi anavyopokea mambo mapya, alivyo makini na kazi, alivyo mchangamfu, alivyo mwema kwa wenzake, na anavyoshikwa na hasira au wasiwasi. Ukizipima vizuri, unaweza kukisia kesho atafanya nini. Profesa wangu husema tabia ya mtu mzima ni kama kimo chake, haiongezeki wala haipungui, kazi yetu ni kushika futi tu. Mimi nalipenda wazo hilo. Linaondoa fujo nyingi kichwani.

Namalizia tasnifu mwezi wa tisa. Niombee.

Akupendaye,
Auleria Kokushubila


Mtoni kwa Azizi Ali
2 Mei 1993

Auleria,

Simo. Orodha wameibandika getini Ijumaa, nimeisoma mara nne toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu. Elinaza naye hayumo. Maganga yumo. Mzee Mwishehe kasimama pale, kofia mkononi, anarudia, "Lakini mie nililipeleka jina lako, mwanangu. Mie nililipeleka."

Jumatatu nikaingia kwa Revelian. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza kosa langu. Akasema sina kosa, nina wasifu. Akafungua faili. Auleria, ndani ya lile faili mlikuwa na fomu zako! Kopi, lakini zako, nilizijua kwa vile visanduku. Akanisomea, hakunipa nishike. Fomu ya pili, imejazwa na mfanyakazi mwenzangu, moja maana yake hapana kabisa, saba maana yake ndiyo kabisa. Husema kweli: moja. Hukasirika upesi: saba. Anafaa kuongoza wenzake: mbili. Akasema, "Mtu wa namna hii nimpe zamu ya watu thelathini?"

Nikamwambia huyo aliyeandika ni mtani wangu, kazi yake ni kunitukana! Akasema utani haumo kwenye fomu.

Sasa nisikilize. Kwanza, zilifikaje pale, na wewe umesema ziko ndani ya sanduku lako? Pili, nakuomba kitu kimoja tu. Tarehe 30 Juni wanachukua wengine ishirini, na nafasi ya msimamizi bado haijapata mtu. Niandikie barua kwa Revelian. Mwambie wewe ndiye mwenye hizo fomu, unanijua tangu tuko watoto wa shule, na yale maneno ya Maganga si ya kutiliwa maanani. Wewe msomi, atakusikiliza. Mie najua mkono wako utaniponya kuliko ulimi wangu.

Ile "husema kweli, moja" imenichoma sana. Wewe unajua kwa nini.

Tunu


Uingereza
27 Mei 1993

Ndugu yangu Tunu,

Nimesikitika kuliko ninavyoweza kuandika. Kuhusu kopi, sijui hakika zilifikaje. Pengine kulikuwa na makaratasi yaliyobaki ofisini pale nilipokuwa nafanyia kazi. Nitafuatilia.

Kuhusu Maganga, ndiyo, watu wa mzaha huharibu sana utafiti. Sikumfikiria. Usimchukie, hakujua.

Barua nitaandika, lakini lazima nimwone profesa kwanza kuhusu lugha ya kutumia, kwani jambo lenyewe ni la kitaaluma. Na kwa kuwa wewe ni rafiki, niruhusu niulize: hakuna kabisa ukweli katika ile saba ya hasira? Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilipofika kiwandani nilikuona ukimpigia kelele mzee Mwishehe mbele ya watu wote. Nilishangaa. Si vibaya mtu kujitambua.

Vumilia kidogo.
Auleria


Mtoni kwa Azizi Ali
26 Juni 1993

Auleria,

Bibi katutoka, tarehe 9, mchana, baada ya kula. Tumemzika hapa hapa Mtoni kesho yake.

Maganga alikuja. Si wajibu wake? Mtani asipokuja, msiba haujatimia. Akachukua kanga ya bibi akajitanda, akatembea ua mzima anavuta mguu na kutema tambuu ya uongo, anaita, "Yule Mhaya mrefu kaolewa?" Watu wakaanza kucheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Mie nikasimama. Nikamvua ile kanga mwilini. Nikamwambia toka, mnafiki, ulinitukana kwa maandishi ukanilia kazi yangu, leo usinichezee maiti. Nilimfukuza mtani msibani, Auleria. Mama aliinamisha kichwa. Wazee wakasema hawajaliona hilo tangu wazaliwe.

Siku ya tatu akapiga hodi. Akanipa karatasi yake ya likizo. Julai yote ya mwaka jana alikuwa kwao Tabora, akimuuguza baba yake. Hakuijaza ile fomu, hata hajaiona. Alikuwa akinitambia tu, kwa kuwa ni mtani. Akaacha karatasi kizingitini akaondoka bila kunitania neno lolote. Sikulala vizuri siku hiyo.

Jana nikamfuata Revelian, nikamwomba nione kwa macho yangu. Akanisogezea. Ile saba ya hasira imepigwa kamkanda katikati, kale kamstari ka kulala. Nikarudi nyumbani nikatoa barua zako mbili, moja tarehe 27, na nyingine tarehe 27, na saba zote mbili zina mkanda. Masista pale Morogoro walitufundisha wote, lakini darasa zima ni wewe tu uliyeendelea kuipiga mkanda saba mpaka Fomu Foo.

Nitajie aliyejaza. Sitaki nadharia, sitaki pole.

Na hizo kelele ulizoziona. Siku ile mkanda wa mashine ulikuwa unaivuta kanga ya Elinaza, na mzee Mwishehe alikuwa kaipa mgongo swichi. Pale ndani mashine zinavuma, ukinong'ona mtu anakatika kidole. Sasa nauza chapati na maharage getini, nimetimiza mwezi. Unajua wateja wananiitaje? Dada Mpole. Sijabadilishwa ubongo, Auleria. Nimetoka kwenye mashine tu. Mwenye futi hajauliza nimesimama wapi!

Tunu


Uingereza
20 Julai 1993

Tunu,

Mungu amrehemu bibi. Nimeanza barua hii mara tano.

Ni mimi. Fomu sita za pili hazikurudi, wengine walikuwa likizo, wengine hawakutaka. Profesa alitaka idadi kamili na tiketi yangu ilikuwa kesho yake. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya utumishi nikazijaza zote sita kwa muda wa kunywa chai. Yako nilianza nayo, nikajiambia, nani anamjua Tunu kuliko mimi?

Kopi pia nilizitoa mimi. Menejimenti ya zamani iliniruhusu kuingia kiwandani kwa sharti la kuachiwa nakala. Nilisema ndiyo, kisha nikaja kwenu nikaahidi siri. Nilidhani zitaliwa na mende kabatini.

Unataka kujua kwa nini moja. Na mimi nimejiuliza. Kalamu ilipofika "husema kweli" nilimkumbuka Sista Mkuu na ile barua ya mvulana wa Mzumbe chini ya godoro. Ilikuwa yangu. Wewe ukasimama ukasema ni yako. Ulifyeka nyasi wiki mbili, na kwenye cheti chako cha tabia wakaandika "si mkweli", ndiyo maana Fomu Faivu hukuchaguliwa na mimi nikachaguliwa. Uongo pekee niliowahi kukusikia ukisema katika maisha yako ni ule, nao ulikuwa kwa ajili yangu. Nikaandika moja.

Nadhani nilitaka iwe kweli, Tunu. Kama wewe ni mwongo kwa asili yako, basi siku ile hukunifanyia kitu chochote. Ulifanya tu ulivyo. Nami sina cha kurudisha. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikitafuta njia ya kutokuwa na deni hilo, na nadharia ile ya kimo ilinipa.

Muhula huu tumepata mwalimu mwingine, mama mmoja mkimya. Anafundisha kwamba mtu, mawazo yake na mahali alipo vinasukumana kila siku, hakuna kinachokiumba kingine peke yake. Kwamba mtu hujifunza ujasiri kwa kuwatazama wenzake na kwa kuamini kwamba analiweza jambo. Kwamba usiulize fulani ni mkali, uliza ni mkali wapi, kwa nani, akitarajia nini. Nilikaa darasani nikaona ni barua yako ya Juni inasomwa ubaoni. Wewe uliyajua hayo ukiwa unakanda unga.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua fupi kwa Bwana Revelian. Nimeandika kwamba alama zako zilitokana na utani wa Maganga, kwa hiyo zifutwe. Najua si kweli. Lakini itakurudisha kazini bila swali, nimehakikisha lugha yake ni nzito. Nakuomba tu zile tano nyingine usizitaje, wala usimwambie mtu yeyote kwamba nilijaza mimi. Ikijulikana, shahada yangu inafutwa na ufadhili unakatwa, na baba yangu pale Kinondoni ameshawaambia watu wote kanisani kwamba binti yake anarudi msomi.

Uliwahi kunifunika mara moja. Sijui nina haki gani ya kuomba tena. Naomba.

Auleria


Mtoni kwa Azizi Ali
15 Agosti 1993

Auleria,

Barua zako mbili nimezipata, fupi na ndefu.

Ile fupi kwanza. Mzee Mwishehe kanisomea hiyo lugha yako nzito taratibu, neno kwa neno. Kasema kwa lugha ile Revelian angenipa koti siku hiyo hiyo, maana wale waliochukuliwa Juni hakuna aliyeiweza zamu, nafasi bado iko wazi. Nimekaa nayo siku nne ndani ya sidiria. Nakwambia ukweli, niliitaka. Nilijiona nimevaa lile koti. Nikajiambia, Maganga si ni mtani tu, atavumilia, utani haukasirikiwi. Halafu nikakumbuka alivyoacha karatasi pale kizingitini.

Nikaenda kwake Jumapili. Nikapiga magoti mlangoni. Akanitazama, akanitazama, akasema faini yangu ni jogoo, na mkia wa jogoo ule nivae kichwani nipite nao getini saa ya kubadilisha zamu. Nimevaa, Auleria. Zamu mbili nzima zimenicheka. Maganga naye alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, na mie nikalia, na yale manyoya yananidondokea machoni.

Kutoka pale nikampitia Elinaza, naye Revelian alimsomea yake kama mie. Unajua Elinaza kwenye fomu yako ulimwandika nini? "Mvivu, sita." Ana watoto wanne na mume kitandani. Ulimwona mara ngapi? Ulikuwa unakunywa chai! Wale wengine wanne nimewajua kwa kuulizia ni nani hakurudisha fomu ya mwenzake, nikawafuata mmoja mmoja, Yombo, Keko, mpaka Kigamboni kwa pantoni. Wote hawamo kazini. Wote walidhani ni mwenzao kawauma. Mmoja kavunja undugu na shemeji yake.

Jumatano tuliingia ofisini kwa Revelian sie sita. Nilimpa barua. Ile ndefu.

Alisoma mpaka mwisho. Akafika kwenye Sista Mkuu akaninyanyulia macho, nikatazama dirishani. Halafu, sikiliza hii, akalegeza tai. Akasema ataziondoa fomu zote kwenye mafaili, na sie sita tutaitwa tuhojiwe upya kwa mdomo, mwezi ujao. Anaweza asituite, yule namjua sasa. Akasema pia itabidi aandike chuoni kwako. Nikamwambia andika. Nimetoka pale nikalia njia nzima mpaka kwa Azizi Ali, nikaipita chapati yangu inaungua nisiione.

Usidhani nimefanya kwa kisasi. Kisasi ningekaa kimya nikavaa koti. Umenisaliti mara tatu, shoga, na ya tatu ndiyo mbaya, maana ya tatu ulikuwa umeshajua yote, umeshafundishwa na huyo mama mkimya, na bado ukaniandikia uongo mwingine niupeleke mie kwa mkono wangu. Pale Morogoro nilidanganya kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na sita na wewe ulikuwa unatetemeka kitandani, baba yako angekutoa shule. Hukuniomba. Ningekuwa pale tena, na wewe yule yule, ningesema tena ni yangu. Leo umeniomba, na wa kutetemeka walikuwa watu sita, na wewe hukuwa miongoni mwao.

Mama anakusalimu. Sijamwambia. Baba yako nilimwona sokoni Jumamosi, nikamwamkia, akaniuliza rafiki yako lini anarudi, nikamshika mkono tu.

Yale makaratasi yenyewe bado unayo huko ndani ya sanduku, na ufunguo ni wako. Basi fungua. Tafuta fomu ya pili ya Tunu Shomari. Pale penye "husema kweli" futa hiyo moja, andika saba. Ipige na mkanda wako katikati, ijulikane ni wewe.

Tunu